Kesi ya Kadi ya Grafiki Hapa Bagara

Nimekuwa kimya kwa karibu wiki tatu. Sijaugua, sijahama, na gazeti halijanifukuza (bado!). Nilikuwa na kesi. Haikuwa ya mahakamani. Ilikuwa kesi ya kompyuta iliyokuwa inaganda na kujizima ovyo, na kijana mmoja aliyekuwa anakaribia kukatwa mshahara kwa sababu yake. Nimeona niiandike kwa mpangilio, kwanza kwa kuwa wengi wenu mnatumia vifaa vya mtumba kama mimi, na pili kwa kuwa kesi yenyewe ilinikumbusha kazi yetu ya habari kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Mambo yalikuwa hivi. Hapa Bagara, hatua chache kutoka ninapokaa, kuna studio ya picha na video. Harusi, kipaimara, mahafali, misiba, vyote vinapita pale. Mwenye studio ni mzee mmoja mstaarabu, asiyependa maneno mengi. Anayehariri video ni kijana wa miaka 22 ambaye kazi hiyo hakufundishwa na mtu, alijifunza mwenyewe usiku kwa bando la kuunga unga. Kompyuta yake ni ya mezani, ya mtumba. Ndani yake mna kadi ya grafiki ya AMD, Radeon RX 580 ya giga 8, nayo ya mtumba, ambayo mzee aliinunua Novemba kwa shilingi 260,000 kwa muuzaji ambaye simtaji hapa.

Kwa wasiozifahamu, kadi ya grafiki ni kama kompyuta nyingine ndogo ndani ya kompyuta. Kazi yake ni mahesabu ya picha. Anayecheza magemu anaihitaji, na anayehariri video naye anaihitaji, maana bila hiyo video ya harusi ya saa mbili inaweza kukulaza studio.

Sasa, mwezi wa pili kijana aliiovakloki ile kadi. Yaani alitumia programu iitwayo MSI Afterburner kuilazimisha iende kasi kuliko ilivyopangwa kiwandani. Siku chache baadaye mashine ikawa haiwezi kumaliza kazi hata moja. Skrini inakuwa nyeusi, inarudi, inaganda, sipiyu inajiwasha upya. Kijana hakuficha. Alimwendea mzee akamweleza alichokifanya. Mzee naye akatoa hukumu palepale: kadi umeiua wewe, utailipa, shilingi 50,000 kila mwezi mpaka 260,000 itimie.

Ukijua kijana analipwa kiasi gani, utajua 50,000 ni kodi ya chumba pamoja na unga.

Nilipopita pale kusalimia, mzee akaniita. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwandishi, wewe umesoma. Hebu mweleze huyu mdogo wako madhara ya kuchezea vitu vya watu." Nikamwomba jambo moja tu: "Mzee, nipe wiki mbili kabla hujakata chochote." Akakubali, ila kwa shingo upande.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu huku kuovakloki, maana ndiko kulikokuwa mshtakiwa namba moja.

Chipu ya kadi hufanya kazi kwa mapigo, kama ngoma. RX 580 ilipotoka Aprili 2017, mapigo yake ya juu yalikuwa megahezi 1,340, yaani mapigo bilioni 1.34 kwa sekunde. Katika kila pigo, umeme ndani ya chipu unatakiwa usafiri, ufike na utulie ndipo usomwe. Ukiongeza mapigo, unapunguza muda wa kutulia. Pigo likija kabla umeme haujatulia, penye moja panasomwa sifuri. Ni kama wachezaji wa ngoma: ukiharakisha sana mpigo, mguu unakuwa bado uko hewani wakati mwenzake anatakiwa kunyanyuka.

Kiwanda huacha nafasi kidogo, kwa sababu chipu hazilingani, na kwa sababu hakijui kama kadi itakwenda kufanya kazi kwenye baridi ya Ulaya au kwenye joto la Dar. Anayeovakloki anakula hiyo nafasi. Unaweza kuongeza volti ili umeme ufike haraka, lakini gharama yake ni kubwa: umeme unaoliwa hupanda kwa volti mara volti. Ongeza volti kwa asilimia 10 na mapigo kwa asilimia 10, ulaji wa umeme unapanda kwa asilimia 33 hivi. Na umeme wote huo mwisho wake ni joto.

Kijana yeye hakugusa volti. Alipandisha mapigo ya chipu kutoka 1,340 hadi 1,400, na kumbukumbu ya kadi kutoka 2,000 hadi 2,100. Piga hesabu uone faida: kazi ya saa moja, mambo yakienda vizuri sana, inapungua kwa dakika mbili na nusu. Hutapata hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Lakini kiasi hicho kinaweza kuyumbisha mashine kweli, kwa hiyo shitaka la mzee halikuwa la kipuuzi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kijana alishafanya, tukarudia pamoja. Afterburner ikafutwa, kadi ikasoma 1,340 na 2,000 kama inavyotakiwa. Tukarenda video. Ikaganda dakika ya sita. Hapa ndipo mafundi wengi husema "kadi imekufa, nunua nyingine" na jalada linafungwa.

Mimi nikauliza swali ambalo mhariri wangu huniuliza kila nikimpelekea habari: lini?

Windows ina kitabu chake cha kumbukumbu, Event Viewer, ambacho watu wengi hawajawahi kukifungua. Kila hitilafu huandikwa humo, na tarehe na saa. Kulikuwa na rundo la taarifa za Kernel-Power namba 41. Hiyo usiiogope wala usiitegemee. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Ni kichwa cha habari kisicho na habari chini yake. Iliyonivutia ni nyingine, namba 4101, ambayo husema drayva ya kadi iliacha kuitikia kisha ikafufuliwa. Windows huipa kadi sekunde mbili. Isipoitikia, huikata na kuiwasha upya. Ile skrini nyeusi inayorudi ndiyo hiyo.

Nikatoa daftari, nikaandika tarehe moja moja. Afterburner iliwekwa tarehe 11 Februari. Namba 4101 ya kwanza ilikuwa ya tarehe 9 Januari. Kabla ya tarehe 11 Februari zilikuwapo kumi na moja!

Nikamgeukia kijana: mbona hukusema? "Nilisema, bro. Nilimwambia bosi mashine inaganda, akasema niizime niiwashe." Na kwa nini uliongeza kasi? Akajibu kwamba kazi zilikuwa zinakatikia njiani, anarudia mara mbili mbili, wateja wanapiga simu, akaona labda mashine imezidiwa, aipe nguvu.

Mnaona? Mpangilio wa matukio uligeuka wote. Ugonjwa ulikuwapo mwezi mzima kabla. Kuovakloki ilikuwa dawa aliyoijaribu mgonjwa, si sumu iliyomlaza. Iliongeza maumivu, sawa, lakini haikuyaanzisha. Mzee alikuwa amemshika mtu aliyeonekana mwisho na marehemu.

Hata hivyo, kumwondolea mtu lawama bila kumpata mhusika halisi hakutoshi. Mzee angesema, "Haya, kama si yeye ni nani?" Kwa hiyo tukaanza upelelezi kwa masharti mawili. Moja: tunabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na mashine ikapona, hujui nani aliyeiponya. Mbili: jaribio ni lile lile siku zote. Tukachagua kipande cha harusi cha dakika 12, tunakirenda mara tatu, tunaandika matokeo. Mwanzoni kilikuwa kinafeli mara tatu kati ya tatu, mahali popote kati ya dakika ya nne na ya tisa ya kazi.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa umeme wa ukutani. Tukapima kwa mita: mchana volti 226, jioni 208. Watu wakaruka: "Si huo hapo!" Lakini ukisoma kibandiko cha ile pawa saplai, inakubali kuanzia volti 100 hadi 240. Tukajaribu pia saa sita usiku, umeme ukiwa 231. Ikaganda vilevile.

Pawa saplai yenyewe ikafuata. Kadi hii imepangiwa kula wati 185, prosesa ya mashine ile wati 65, na pawa iliandikwa 450. Kwenye karatasi inatosha, ila pawa za mtumba zina maneno mengi kuliko nguvu. Tukaazima ya wati 600 kwa rafiki. Ikaganda. Tukairudisha kwa mwenyewe na shukrani.

Halafu joto. Hapa kuna jambo ambalo sisi wa Babati tunalisahau. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko ya pwani. Ndiyo sababu maharage yanachelewa kuiva, na ndiyo sababu feni ya kompyuta ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma hewa pungufu. Ongeza na vumbi letu jekundu. Tulipofungua kadi, kati ya mapezi ya kupoozea mlikuwa na zulia zima! Tukasafisha, tukabadilisha pesti iliyokuwa imekauka kama chokaa. Joto likashuka kutoka nyuzi 84 hadi 73. Kazi ikafika dakika ya kumi na moja... ikaganda. Kwa hiyo joto lilikuwa likimsaidia mhalifu, lakini mhalifu mwenyewe alikuwa mwingine.

Wakati wa jaribio hilo niliona kitu nikakiandika pembeni. Programu ya HWiNFO ina mstari unaohesabu makosa ya kumbukumbu kwa kadi za AMD za aina hii. Kabla hatujamaliza dakika kumi ulishavuka makosa 1,900. Dalili nzuri, ila kadi inayokufa nayo ingeonyesha hivyohivyo.

Kumbukumbu ya kompyuta yenyewe tuliipima usiku kucha kwa MemTest86. Kosa hata moja hakuna.

Ikabaki drayva. Tukaifuta ya zamani kabisa, tukashusha mpya kutoka AMD, tukaiweka. Mashine ilipowaka, kadi haikutambuliwa! Alama ya njano, picha kubwa za kizamani kwenye skrini. Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu. "Si niliwaambia imekufa?"

Nikamwambia, mzee, mfu hachagui dawa. Kwa nini kadi ikubali drayva ya zamani na kuikataa ya kiwandani?

Jibu lake ndilo lililofunga kesi. Kila kadi ina programu ndogo ndani yake, bayosi, inayoiambia iende kwa mapigo gani na kumbukumbu isubiri muda gani kati ya kazi na kazi. Drayva za AMD hukagua sahihi ya hiyo bayosi kwa kadi za kizazi hiki. Kama mtu ameibadilisha, drayva inakataa kuwaka, mpaka drayva nayo ichezewe. Maana yake ni kwamba ile ya zamani, tuliyoikuta ndani, ilikuwa imeshachezewa. Na maana ya hiyo ni kwamba bayosi ya kadi ilikuwa imeflashiwa kabla haijafika Babati.

Nani anaflashi kadi za RX 580? Wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Bitcoin huchimbwa kwa mashine maalumu (hata jirani zetu Kongo, Hifadhi ya Virunga ilianza kuichimba mwaka 2020 kwa umeme wa maji), lakini Ethereum ilikuwa inachimbwa kwa kadi za grafiki, na RX 580 ilikuwa kipenzi chao. Mchimbaji alikuwa anapunguza muda wa kusubiri wa kumbukumbu ili apate mahesabu mengi zaidi kwa sekunde. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaacha kabisa mfumo wa uchimbaji. Kadi nyingi sana zikakosa kazi, zikamwagika kwenye masoko ya mtumba duniani.

Sasa angalia ujanja wake. Mchimbaji anaweza kuvumilia makosa. Hesabu ikikosewa, jibu linakataliwa, anaendelea na jingine, hasara ni ndogo. Mhariri wa video hawezi. Kwake kosa ni doa la kijani kwenye shela la bibi harusi, au mashine kuganda. Na programu ya kawaida ukiiuliza inakujibu 1,340 na 2,000, safi kabisa, kwa sababu mapigo hayakubadilishwa. Kilichobanwa ni muda wa kusubiri, ambao hauonekani pale. Tulipokuwa "tunarudisha kama ilivyokuwa", tulikuwa tunairudisha kwenye hali ambayo tayari ilikuwa imevurugwa na mtu tusiyemjua, katika nchi tusiyoijua.

Na kwa nini ilivumilia Novemba na Desemba? Video zilikuwa ndogo. Mwisho wa Desemba mzee alinunua kamera ya 4K. Kumbukumbu ya kadi ikaanza kujazwa, joto la Januari likaingia, vumbi likawa zulia. Nafasi ya mwisho iliyokuwa imebaki ikaisha.

Baadhi ya kadi za RX 580 zina swichi ndogo kama punje ya mchele ubavuni, yenye bayosi mbili. Wachimbaji wengi walikuwa wanaflashi upande mmoja na kuacha mwingine kama akiba. Ya kwetu ilikuwa nayo. Tukazima, tukachomoa waya, kijana akaisogeza kwa ncha ya kalamu yangu. Tukawasha. Drayva mpya ikaikubali kadi bila neno. Kipande cha harusi kikapita mara tatu kati ya tatu. Tukarudisha swichi kule ilikokuwa, alama ya njano ikarudi. Tukaisogeza tena, ikaondoka. Usiku ule tukaiachia kazi kumi na mbili mfululizo. Asubuhi zote zilikuwa zimekamilika, na HWiNFO ilisoma makosa sifuri.

Gharama yote: pesti ya shilingi 8,000 na soda.

Mzee alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, miwani puani. Alipofika kwenye zile tarehe akarudia kuzisoma. Kisha akamwambia kijana, "Kesho uje mapema, tuna kazi za watu zimelala." Habari ya 50,000 haikuzungumzwa tena, na kwa desturi za wazee wetu nadhani hilo ndilo lilikuwa tamko lenyewe. Muuzaji alipopigiwa simu alisema yeye hununua kadi kwa mafungu bila kujua zilikotoka. Inawezekana kabisa.

Kulikuwa na kazi moja chungu iliyobaki. Tulipitia video zilizokwisha kutolewa tangu Januari, fremu kwa fremu. Mbili zilikuwa na madoa ambayo hakuna aliyeyaona. Mashine inayoganda angalau inakupigia kelele. Mbaya zaidi ni ile inayokosea kimyakimya na kukukabidhi kazi kana kwamba imekamilika. Zikarendwa upya, wateja wakapelekewa fleshi mpya.

Kijana bado anatumia Afterburner, ila sasa kwa kushusha. Volti ya kadi ameitoa milivolti 1,150 hadi 1,080 huku mapigo yakibaki yaleyale. Kwa hesabu ile ya volti mara volti, joto linapungua kwa karibu asilimia 12, sawasawa na hewa tuliyonyimwa na mwinuko wetu. Na kila hatua aliyoshuka aliipima kwa kile kipande cha harusi, mara tatu, akaandika. Daftari sasa ni la kwake.

Kwa hiyo ndugu zangu wenye kadi za mtumba, mashine ikianza kuyumba msikimbilie kutafuta wa kumlaumu, hata kama mtu mwenyewe amekiri kuigusa. Fungueni Event Viewer, andikeni tarehe, badilisheni kitu kimoja kimoja, na muulize pia kama hiyo hali ya "kiwandani" mnayorudi kwayo kweli ni ya kiwandani. Swali la "nani" lina utamu wake, najua, ndilo linalouza magazeti. Lakini mshahara wa mtu ukiwa mezani, tuanze na "lini".